Kalamu ya Mama Athieno

Chumba cha mbele cha baba mdogo Wandera kilinukia wino. Haukuwa wino wa chupa iliyofunguliwa leo, bali ule uliokaukia ndani ya kalamu kwa miaka mingi, kisha ukaamshwa kwa maji ya uvuguvugu. Harufu kali kidogo, kama chuma kilicholowa mvua. Tuliishi Busia, upande wa Uganda, karibu na mpaka kiasi cha kusikia honi za malori yaliyosubiri kuvuka. Baba mdogo alikuwa amesomea uhandisi wa maji huko Urusi, enzi za Muungano wa Kisovieti, akarudi na sanduku moja la nguo na jingine dogo la kalamu za wino. Wenzake walileta makoti na redio. Yeye alileta kalamu nyeusi, za kijani, na za rangi ya damu ya mzee, nyingine nibu zake, zile ncha za kuandikia, zimefichwa mdomoni zikichungulia kama kichwa cha kobe. Waliosoma huko kama yeye, wa Kenya na wa Uganda, walimletea zao zilipoharibika. Alivua vifuko vya mpira vya kuwekea wino vilivyooza akaweka mpira wa valvu ya baiskeli, akanyoosha nibu dirishani akitazama kwa lenzi, na mimi niliruhusiwa kuosha vifuniko tu. Mimi, Ajambo, nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la sita, na hakuna kazi niliyoionea fahari kama hiyo.

Mwaka huo, mvua za vuli zilipokuwa zikianza, alikuja mama mmoja kutoka Molo, kule Tororo. Aliitwa Mama Athieno, mjane mrefu mwenye sauti ya chini. Alifungua fundo la leso yake akatoa kalamu ya kijani yenye nibu ya dhahabu. Ilikuwa ya marehemu mumewe, ambaye pia alisoma Urusi. Binti yao Athieno alikuwa anaolewa Jumamosi, na mama alitaka atie sahihi kwenye kitabu cha kanisa kwa kalamu hiyo. "Baba yake hatakuwepo, fundi," alisema. "Basi mkono wake uwepo." Baba mdogo aliipokea kwa mikono miwili. Aliishughulikia siku mbili, na jioni ya Jumanne iliandika mstari mwembamba, laini, kama maji yanayoteleza juu ya jani la gimbi. Akaisimamisha ndani ya kikombe dirishani, imsubiri mwenyewe.

Jumatano asubuhi niliichukua. Sikutaka kuiiba, nilitaka kuonekana. Darasani msichana mmoja alikuwa amesema kwamba kalamu za baba yangu mdogo ni vyuma chakavu visivyoandika. Niliificha ndani ya daftari, na wakati wa mapumziko nikawaandikia wasichana wanne majina yao, mmoja baada ya mwingine, wakishangilia. Wa tano alininyang'anya. Kalamu ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, nibu kwanza. Nilipoiokota, ncha zake mbili zilikuwa zimetengana kama miguu ya panzi. Nikajaribu kuzibana kwa meno, na moja ikapata ufa. Nakumbuka mpaka leo ladha ya wino ule kwenye ulimi. Nilifika nyumbani kabla baba mdogo hajarudi, nikaifunga kifuniko, nikaisimamisha kikombeni kama nilivyoikuta.

Alhamisi Mama Athieno akafika. Baba mdogo alimkaribisha kiti, akatandaza karatasi, akafungua kalamu ili amwonyeshe. Ikakwaruza, ikatoboa karatasi, ikamwaga tone kubwa. Akaipeleka dirishani, akatazama kwa lenzi kwa muda mrefu. Kisha akaiweka chini akatazama mikono yake. Tangu mwanzo wa mwaka vidole vyake vilikuwa vikitetemeka kidogo, hasa asubuhi, naye alikuwa akificha jambo hilo kwa mzaha. Sasa hakutania. "Ni mimi," alisema. "Mama, nisamehe. Nadhani niliikaza sana mwishoni. Mikono hii si yangu tena." Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Sentensi moja tu ilitakiwa, nami nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza.

Mama Athieno hakugomba. "Wacha, fundi. Bwana arusi iko na biro," alisema, akaifunga tena kalamu kwenye leso. Alipofika njiani nilimwona akisimama, akajifuta macho kwa fundo lile lile.

Baba mdogo hakutengeneza kalamu tena. Watu waliendelea kuja, akawarudisha akisema mikono imezeeka, na hakuwa ametimiza miaka hamsini. Mwishoni alizigawa zake, akahamia shamba la ukoo huko Masaba kulima muhogo. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa zaidi ya miaka ishirini. Nilipokuwa mtu mzima nilianza kukusanya kalamu zile zile, nikajifunza kuzitengeneza, na jamaa wakanisifu kwamba nimerithi kipaji chake. Kila sifa ilinichoma. Nilikwenda Molo kumtafuta Mama Athieno nikaambiwa alishafariki.

Mwaka jana nilikwenda Masaba nikamwambia baba mdogo yote. Alikuwa akimenya karanga. Mikono yake inatetemeka kidogo tu, si zaidi ya siku zile. Akasema, "Kumbe. Na mimi miaka yote hii, nikiwa na wageni, nangoja waondoke ndipo nishike kikombe cha chai." Baadaye akauliza, "Mbona hukusema?"

"Niliogopa kuchapwa."

"Ajambo, mimi nimewahi kukuchapa?"

Hakuwahi. Hata siku moja. Alisema amenisamehe, na najua hasemi asichomaanisha, lakini aliomba nimwache amalize karanga, na nilipoondoka hakunisindikiza hadi barabarani kama ilivyo desturi yake.

Siku hizi watu wa Busia wanatia sahihi kwa kidole kwenye kioo cha simu, na kalamu ikiisha wino inatupwa. Wiki iliyopita binti yangu aliniangushia simu jikoni. Kabla sijasikia kishindo vizuri alikuwa amesimama mbele yangu, akilia, nayo mkononi: "Mama, ni mimi, imepasuka." Nilimkumbatia nikamshukuru, akanitazama kwa mshangao. Ana miaka tisa. Katika umri wangu wote sijawahi kuwa na haraka kama ile yake ya kusema.