Kifaransa Mbele ya Bibi

Juzi binti yangu wa sekondari alikuwa akiongea Kifaransa na mwenzake kwenye simu. Aliponiona akashusha sauti, nami nikamkumbuka bibi.

Utotoni mwangu, siku moja tulikuwa naye uani tukipura alizeti, vumbi lake likitukereketa kooni. Dada Neema, aliyekuja likizo, alinong'ona Kifaransa na Halima, rafiki yake wa shule. Wakamtazama bibi, wakacheka. Bibi akaishusha fimbo yake. Nyumbani kwetu, mgeni asiyejua Kinyaturu tulimsema kwa Kinyaturu huku anakula ugali wetu. Kwa hiyo bibi alijua lugha ya kuficha ina kazi gani. Hata mimi, mdogo vile, nilijua anasengenywa.

“Mnasema nini?”

“Tunasema bibi yangu ni mzuri,” Neema alijibu. “Ndivyo tunavyofundishwa, bibi.”

Bibi akamkazia macho. “Kama ni jambo jema, mbona hamkulisema kwa Kinyaturu?”

Siku hizi najua Neema hakudanganya; sentensi hiyohiyo nimeiona kwenye kitabu cha Kifaransa cha binti yangu, naye akanifasiria. Ila mpaka tunamzika bibi, sikumsikia mtu akimwambia hivyo kwa Kinyaturu.