Mama Mukwe Anataka Nitoe Chuma mu Mugulu Mbele ya Ndoa

Admin, jina yangu ibakie kwako. Ingine yote iandike vile nimeituma, usinipunguzie makali.

Niko mwanamuke wa myaka makumi mbili na munane, muzaliwa wa Butembo. Nilisoma kilimo. Kazi yangu ni kufuatilia mimea ya kigeni yenye inaingia mu mashamba na kufukuza ingine. Zaidi nafuata lantana, ile ya mauwa madogo ya rangi rangi. Batu baliipanda kuzunguka manyumba juu inapendeza macho. Lakini ndege banakula matunda yake, banaangusha mbegu popote, na shamba yenye benyewe balikimbia inafunikwa yote. Mbuzi ikiikula, inagonjwa.

Hiyo majani njo ilinikutanisha na muchumba wangu. Tumuite Paluku, siyo jina yake. Bazazi bake beko na shamba ya kakao upande wa Mangina. Balikuwa baliikimbia juu ya usalama mubaya, na wakati balirudia, balikuta lantana imepanda mpaka katikati ya kakao. Paluku alinisikia nikifundisha kikundi cha bakulima, akanifuata: "Madame agronome, kuja uangalie na kwetu." Nilienda. Nikarudia. Kisha nikarudia tena, na batu bote bakajua kama hatuangalie majani peke yake.

Siku moja tulikuwa tunaenda kule kule, yeye njo anaendesha pikipiki, mimi nyuma na vyombo vyangu. Tulikuwa hatuyatoka hata Beni, tungali mu Mulekera, ndani ya muji, fasi mvua ilikuwa imekula barabara. Tukateleza. Yeye aliamuka na matope tu ku suruali. Mimi, mufupa wa mugulu ulikatika. Dokta alinipasua, akaweka plaque, ni kusema chuma ya bapa, na vis za kuishika ku mufupa. Nililia sana. Nilijifunza kutembea upya sawa mutoto. Leo natembea, napanda vilima, nikichoka nakaa, kisha naendelea.

Paluku hakuniacha, hiyo naisema wazi. Alileta supu ku hospitali, alinishika mukono nikijaribu hatua. Familia yake ilikuja kujitambulisha kwetu. Yote ilienda muzuri mpaka mama yake alisikia kama chuma ingali ndani.

Akaniita kwake, akanipa chai. "Binti yangu, mwanamuke mwenye chuma mu mwili atabeba mimba namna gani? Chuma inakula damu. Uitoe mbele ya ndoa."

Nikamujibu na heshima: "Mama, niliuliza dokta. Mufupa ulipona, chuma hainisumbue, na haikataze mimba. Kuitoa ni kunipasua tena."

Dokta huyo alikuwa ameniambia jambo ingine. Kule inchi zingine, batafiti banajaribu chuma ya namna ingine, magnesiamu yenye kuchanganywa na madini ingine. Inashika mufupa mpaka unapona, kisha inayeyuka yenyewe mu mwili, pole pole. Huku kwetu hatuyaiona bado. Nilimuhadisia Paluku, na Paluku akamuhadisia mama yake.

Siku ya mukutano wa familia, mama akasimama mbele ya bote: "Munasikia? Hata batu ba masomo banajua kama chuma haifae kubakia mu mwili! Njo maana banatafuta yenye kuyeyuka!"

Bashangazi bakatikisa vichwa. Paluku akaangalia chini.

Nikasimama na mimi, ku mugulu ile ile. "Mama, batafiti banatafuta hiyo chuma juu mutu asipasuliwe mara mbili. Na wewe unataka mimi nipasuliwe mara mbili, bila ugonjwa. Mugulu hii ilivunjika nikienda kuangalia kakao yenu, nyuma ya mutoto wenu. Sitaitoa."

Baba mukwe akakohoa. Mama akasema: "Munaona mudomo yake? Na hayaingia mu nyumba bado!"

Nilitoka. Kesho yake nilienda ku shamba yao, juu bakulima balikuwa bananingojea. Tuling'oa lantana na mizizi yake, mbele matunda haiyaiva. Kakao haikunikosea.

Paluku akanikuta pale. Akanivuta pembeni: "Chérie, nimepata njia. Tuseme uliitoa. Kovu iko tayari, nani atakupeleka ku radio kupiga picha ya mufupa? Unakaa kwa dada yako kidogo, unarudi ukichechemea. Mama anafurahi, tunaoana."

Nikamuuliza: "Nichechemee mu nyumba yako myaka ngapi?"

"Kidogo tu."

"Na mutoto akikawia, mama yako atatafuta chuma gani ingine mu mwili yangu?"

Akaanza kupangusa matope ku viatu vyake.

"Unanipenda, ao unaogopa mama yako?"

Akasema: "Vyote." Na niliona kama hadanganye. Hiyo njo ilinichoma.

Padri aliisha kutangaza ndoa yetu mara ya kwanza. Mama yangu muzazi ananiambia, "Danganya tu, mwanangu, banamuke bote tulidanganya kidogo juu ya kuolewa." Mimi hapana. Sitasema uongo juu ya mugulu yenye nilijifunza nayo kutembea mara mbili.

Paluku nimemuambia: mbele ya tangazo la pili, asimame mu familia yake, aseme kwa mudomo yake kama anaoa mwanamuke mwenye chuma. Mpaka leo anasema, "Nitaangalia."

Bandugu, juu ya mugulu musinishauri, hiyo nilimaliza. Munishauri juu ya mwanaume. Mutu mwenye ananipenda kweli, lakini hawezi kusema "hapana" mbele ya mama yake, nimungojee akomae, ao nimurudishie pete yake mbele Padri hayafungua tena mudomo? Mwenye kuwa na neno aniambie, hata kama ni kali. Wasingya, aksanti.