Mota za Fundi wa Hewa Bora

Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi na watu wa Kivu wafurike Lubumbashi, Chishimba hakumwamini hata kidogo yule fundi wa Kivu aliyepanga chumba mkabala na saluni yake, mtaani Hewa Bora. Fundi alisema anatengeneza vigari vya rimoti, vile vya mashindano ya kuteleza ubavu kwenye sakafu ya saruji. Lakini Chishimba alikuwa amesikia habari za vindege vya mabomu, na kwake mota ni mota. Kila siku alimwona akizungusha mhimili kwa ncha za vidole, kisha akiweka mota sikioni, macho ameyafumba. Zenye nguvu alizitenga. Zile za upole alizigeuza kifuniko cha nyuma kiasi cha unywele, akasikiliza tena. Mwishowe Chishimba akawanong'oneza vijana wa ulinzi wa mtaa, halafu akaenda mwenyewe kumpima.

"Baba, juu ya nini unatupa zenye nguvu?"

"Ile ya nguvu inapotezaka kagari, mama. Kwa kuteleza, inapashwa mota yenye kutii."

Hapo tairi la lori likapasuka barabarani. Kabla hajapiga ukelele, Chishimba alijikuta sakafuni, fundi amemkinga kwa mwili wake, viganja vya grisi vimemfunika kichwa. Fundi aliinuka polepole.

"Unisamehe, mama. Kwetu tulizoea vile."

Vijana wakaingia na marungu. "Mama Chishimba, njo huyu ulituambia?"

Chishimba alijifuta grisi usoni.

"Huyu iko jirani yangu," alisema. "Munatafuta nani?"