Mguu Uliofungwa na Mama Mkwe

Bujiku alikuwa mshindiliaji wa pamba pale Kasoli, na anayedhani hiyo ni kazi ya wajinga aingie mwenyewe ndani ya roba aone. Roba la katani, refu kuliko mtu, linaning'inizwa kwenye fremu ya miti. Mshindiliaji anatumbukia ndani, wenzake wanamwaga pamba juu yake, naye anakanyaga. Anakanyaga huku akipanda na pamba yake, mpaka kichwa kinachomoza, kisha kifua, kisha magoti. Vumbi linajaa puani, mapafu yanavuta hewa kwa nguvu, moyo unagonga, na miguu haina ruhusa ya kupumzika. Kiungo kimoja kikigoma, vyote vimegoma, na mtu anazama kwenye pamba. Bujiku hakuwahi kuzama. Alikanyaga akiimba nyimbo za kulimia, na wakulima waliokuwa wakisubiri mizani walimwitikia.

Enzi za chama cha ushirika kazi hiyo ilikuwa na taratibu zake. Halafu soko likafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, kila mmoja akitaka kumwahi mwenzake, na fremu zilizokuwa zikichimbiwa kwa siku nzima sasa zikasimikwa haraka haraka kama kibanda cha kuamia ndege. Bujiku alimwambia karani wa kampuni moja, kijana wa mjini aitwaye Novatus, kwamba mti mmoja unacheza.

"Baba, hii ni biashara huria," Novatus akajibu bila kuinua macho. "Kama huwezi, wapo wanaoweza."

Mti ukakatika. Bujiku akaanguka na roba lake, fremu ikamwangukia, na mfupa wa muundi wa kulia ukavunjika. Novatus akaita mshindiliaji mwingine pale pale, Bujiku akiwa bado amelala kwenye vumbi akigugumia. Kama hilo linakuudhi, tulia kwanza, maana bado hujaambiwa la kuudhi.

Kasoli nzima hapakuwa na mtu wa kuunga mifupa kumshinda Salu. Ameunga mikono ya wachungaji, mbavu za waliopigwa pembe na ng'ombe, mapaja ya walioanguka na baiskeli. Shida ilikuwa moja tu: Salu ndiye mama mzazi wa Milembe, mke wa Bujiku. Na kwa watu wa rika lao, mama mkwe anaheshimiwa mpaka unamkimbia. Bujiku akimwona njiani alikuwa anaingia kwenye mtama wa watu mpaka apite, na Salu naye alijifunika uso kwa kitenge. Mama mkwe kuona goti la mkwewe, achilia mbali kulishika, lilikuwa jambo lisilosemeka. Na kumwita muungaji mwingine, au kukimbilia hospitali ya Bariadi wakati bingwa yuko kwenye ukoo, lingekuwa tusi la kuvunja ndoa.

Basi wakafanya walivyofanya. Salu akaketi nje, nyuma ya ukuta, akaupa mgongo mlango. Milembe akawa ndani na vijiti na kamba za katani, na elimu yote ya mama yake ikawa inapita kwenye ukuta wa tope.

"Umeunyoosha?"

"Nimeunyoosha, mayu," Milembe akamjibu mama yake.

"Weka vijiti. Anza kufunga juu, hapo chini ya goti. Kaza."

"Nimekaza, mayu."

"Kaza tena. Mfupa ukicheza hauungi."

Milembe akakaza kwa nguvu zote za mke anayempenda mumewe. Bujiku akauma shuka. Angeanzaje kupiga yowe na mkwe yuko pale nje? Mwanamume angeificha wapi sura yake? Kamba ya juu ikalala upande wa nje wa goti, juu ya kile kifundo cha mfupa mwembamba, ikazama kwenye nyama. Mara vidole vikaanza kuwaka kama vimeguswa na upupu. Kisha vikaacha kuwaka, vikawa kama vya mtu mwingine. Kila asubuhi Salu alipouliza hali ya mgonjwa kutokea nje, Bujiku alimwashiria mkewe kwa mkono: mwambie salama. Na Milembe akamwambia mama yake salama.

Vijiti vilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga vizuri kabisa, umenyooka. Majirani wakaja kuusifu. Bujiku akasimama, akanyanyua goti, na unyayo wake ukaning'inia kama sikio la mbuzi. Akauambia upande. Haukupanda. Akajaribu tena mpaka jasho likamtoka usoni, na hata kidole gumba hakikutikisika.

Toka siku hiyo akawa anatembea akinyanyua goti juu sana ili vidole visikokote, na unyayo ukitua unapiga chini, pa! Watoto walimwiga. Watu wazima, ambao walipaswa kuwa na akili, walisema amenogewa na kulala. "Mfupa umeunga, sasa anataka nini tena?" Wengine wakanong'ona kwamba amerogwa na mshindiliaji aliyechukua nafasi yake. Bujiku alikuwa na hasira ya kutafuna mawe. Aligombana na jirani, akagombana na jogoo, akamfokea Milembe mpaka Milembe akaacha kumjibu. Msimu ulikuwa unakaribia, na kazi aliyoijua duniani ilihitaji miguu miwili.

Mwishowe akaenda Bariadi. Muuguzi Generoza, mwanamke mnene asiye na haraka, alimlaza kitandani, akamwambia asukume unyayo chini. Bujiku akausukuma kwa nguvu mpaka kitanda kikalia.

"Sasa upandishe."

Unyayo ukabaki ulipo.

Generoza akapitisha kidole upande wa nje wa goti, mahali palipobaki kovu la kamba. "Walikufunga hapa?"

"Hapo hapo."

Muuguzi akaguna kwa uchungu. "Baba, mguu hauendi kwa mfupa peke yake. Mfupa wenyewe ni mti tu. Nyama ndiyo inayouvuta, na damu inailisha hiyo nyama na kuiletea hewa uliyovuta kifuani. Lakini nyama haijui ivute saa ngapi. Amri inatoka kwenye ubongo, inashuka na uti wa mgongo, inapita nyuma ya paja kwenye mshipa wa fahamu, kisha huo mshipa unazunguka hapa, juu ya kifundo hiki, karibu sana na ngozi. Ndipo kamba ilipokaa. Wewe unalima na ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Ng'ombe wako wazima, plau yako nzima. Ila anayewaswaga sauti imemkauka. Watasimama tu shambani."

"Na anayesukuma chini mbona anasikika?"

"Huyo anapita njia nyingine, nyuma ya mguu. Hakuguswa."

"Sauti itarudi?"

"Mshipa huota polepole. Wa wengine hurudi, wa wengine haurudi. Mngeilegeza kamba mapema, nisingekuwa nakwambia hivi."

Bujiku alirudi Kasoli na maneno hayo yakimchoma kifuani. Mngeilegeza mapema! Na ni nani aliyejua, zaidi yake?

Mizani ilipofunguliwa alikwenda gulioni. Alikuwa amefunga ukanda wa mpira wa baiskeli kutoka kwenye vidole hadi chini ya goti, kama alivyoelekezwa na Generoza, ili umnyanyulie unyayo. Novatus akamtazama, akapandisha mabega, akamruhusu. Bujiku akatumbukia ndani ya roba. Kukanyaga aliweza, alikanyaga kama zamani. Kunyanyua ndiko kulikomshinda. Ule ukanda ulifaa barabarani. Ndani ya pamba ulichomoka, vidole vikanasa chini, na pamba mpya ikamwagwa juu ya mguu ambao haujatoka. Akazama mpaka shingoni. Wakamvuta kwa makwapa, na watu wakacheka, na yeye mwenyewe akawasikia wakicheka.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe wake, mguu ukipiga pa, pa, njia nzima. Akilini alikuwa na neno moja tu: huyu mwanamke hajui kazi, na leo ataambiwa.

Salu alikuwa uani, amepiga magoti mbele ya mzee Marcelo, jirani aliyekuwa amevunjika mguu kwa kuangukiwa na gogo. Alikuwa ameshafunga vijiti, na Bujiku akasimama penye boma la miiba akiangalia. Salu aliminya vidole vya Marcelo kimoja kimoja. "Unasikia?" Akahama. "Na hapa?" Marcelo akasema pale hasikii vizuri. Papo hapo Salu akailegeza kamba ya juu, akaishusha mbali na goti, akaminya tena. "Sasa?"

Alikuwa anajua. Wakati wote alikuwa anajua! Angemuuliza mpita njia, angemuuliza mlevi aliyeanguka kilabuni, ila mkwewe hakumuuliza kama vidole vinasikia, kwa sababu ya heshima. Bujiku akahisi hasira ikimpanda mpaka macho yakaona giza, na mbaya zaidi, hakujua aitupe kwa nani.

Akaingia uani. Salu akashtuka, akavuta kitenge usoni.

"Usijifunike!" Bujiku akapaza sauti. Marcelo akafumba macho kwa aibu. Bujiku akaketi chini mbele ya mama wa mke wake, akapandisha suruali mpaka juu ya goti, akaunyoosha mguu. "Uangalie, mayu. Ni kazi yako. Uangalie."

Salu akamgeukia. Kisha kitenge kikashuka, na kwa mara ya kwanza tangu alipomwoza binti yake akamtazama Bujiku usoni. Akaona kovu. Akakishika kidole gumba cha mkwewe, akakiminya.

"Unasikia?"

"Sisikii, mayu," Bujiku akasema. "Sikuwa nasikia tangu siku ile mlipokaza."

"Ukasema salama."

"Nikasema salama."

Salu hakuuachia mguu. Akaendelea kuuminya, kuanzia vidoleni kupanda juu, akiuliza kila mahali, naye Bujiku akimjibu.