Sabato Tuliyolala Hotelini

Enzi zetu, kusafiri kutoka Kebirigo hadi Ogembo lilikuwa jambo la kutangazwa kanisani. Majirani walijua mapema, na kila mmoja alikuja na salamu zake za kupelekwa. Siku hizi kijana anapanda gari bila hata kuaga, anafika, anapiga picha sahani ya chakula, na jioni yuko nyumbani analalamika kwamba barabara ina matuta. Yetu ilikuwa ya udongo mwekundu, na mvua ikinyesha abiria walishuka kusukuma basi wakiwa wamevaa nguo zao za sikukuu.

Nakumbuka safari moja ya mwishoni mwa miaka ya sitini, nilipokuwa nimeng'oka meno ya mbele. Mdogo wake mama, Kemunto, alikuwa anaolewa Jumapili huko Ogembo. Mama ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alimbeba mgongoni akienda kuchota maji, akamfundisha kusuka vikapu, akamtetea alipotaka kuendelea na shule. Kwa hiyo, ingawa mama alikuwa mjamzito na tumbo lilikuwa limeshuka, hakuna aliyethubutu kumwambia abaki. Ijumaa asubuhi tuliondoka sisi watano: baba, mama, mimi, kaka yangu mdogo Ombati, na nyanya mzaa baba, ambaye wote tulimwita Magokoro.

Baba alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato. Alipanda majani chai kwenye mteremko wote wa shamba letu, lakini chai yenyewe haikuingia kinywani mwake. Sisi tulikunywa maziwa na uji. Ijumaa jioni viatu vilikuwa vimeshapigwa rangi, kuni zimeshapasuliwa, na jua likizama hata kufagia ilikuwa dhambi. Nasi tulikuwa tumesikia onyo lake la safari mpaka tukalikariri: "Huko tuendako, mtu asiombe chakula mara ya pili."

Mvua ilitupata Nyamira. Tulisukuma, tukateleza, tukasukuma tena, na tulipofika mjini Kisii, ambako wazee bado walikuita Getembe, basi la Ogembo halikuwepo. Dereva wetu alituambia barabara ya huko imeharibika na hakuna gari litakalokwenda hadi Jumapili. Baba alitazama jua, akamtazama mama aliyekuwa ameketi juu ya mzigo akijishika kiuno, akasema, "Tutalala hapa."

Nataka vijana waelewe uzito wa maneno hayo. Hakuna mtu wa kwetu aliyekuwa amewahi kulala hotelini. Kulala ulilala kwa ndugu, na kama huna ndugu huko, basi huna shughuli ya kwenda.

Hoteli ilikuwa kando ya barabara, pale mji unapoanzia, jengo la mawe lenye paa la mabati na veranda ndefu. Mbele palikuwa na meza za kulia na nyuma vyumba viwili vya kulala. Mwenyewe alikuwa mama wa Kihindi, mnene, mwenye nywele nyeupe zilizosukwa mkia mmoja. Watu walimwita Mama Jaya. Mume wake alishinda Kisumu kwa biashara, naye aliendesha hoteli pamoja na mpishi. Harufu ya tangawizi, samli na bizari ilitupokea mlangoni, na Ombati akaniuliza kwa sauti ya chini kama mbinguni kunanukia hivyo.

Shida ikaanza hapo hapo. Kwa desturi yetu, mama mzazi halali chini ya paa moja na mwanawe aliyeoa. Magokoro alisimama mvuani akakataa kupanda veranda. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, na cha Mama Jaya kilikuwa cha dukani.

"Mimi hapana lala nyumba moja na kijana yangu na bibi yake," Magokoro alisema.

"Wewe nalala wapi? Barabarani?"

"Hata barabarani."

Mama Jaya alichukua mwavuli, akashuka ngazi. "Basi wewe kuja nyumba yangu. Iko peke yake, ile kule nyuma. Mimi pia hapana penda kelele ya wageni."

Wakaondoka chini ya mwavuli mmoja, Magokoro akiwa amekumbatia mfuko wake wa ugali wa wimbi, yaani ulezi, uliofungwa kwa majani ya mgomba, maana alikuwa ameapa kutokula chakula cha mtu asiyejua ukoo wake. Asubuhi tulimkuta jikoni kwa Mama Jaya akila chapati ya samli. Ugali wake alikuwa amemwachia mwenyeji wake, ambaye aliutafuna taratibu huku akitikisa kichwa. Sikujua kama ameupenda au ameshindwa.

Kwa kuwa ilikuwa Sabato, baba alituongoza kuimba na kusoma Biblia chumbani. Tulikuwa katikati ya wimbo nilipoona mama ameacha kuimba. Ameshika chuma cha kitanda, na vidole vyake vimebadilika rangi. Aliniambia kwa upole, "Moraa, mwite Magokoro."

Baba alitoka mbio kwenda kutafuta gari la kumpeleka mama hospitali. Alirudi ameloa chapachapa, bila gari. Magokoro alikuwa tayari amefunga leso kiunoni. "Usihangaike na magari," alimwambia kwa Ekegusii, lugha yetu. "Mtoto hatangoja. Tafuta maji ya moto."

Moto ulikuwa umefifia, mpishi alikuwa ameenda sokoni, na kuni zilizobaki zilikuwa magogo mazima. Na hapo nikaona jambo ambalo sikutarajia kuliona maishani. Baba yangu, ndani ya suti yake ya kanisani, tai ikiwa shingoni, alichukua shoka uani kwa Mama Jaya akaanza kupasua kuni siku ya Sabato. Vipande viliruka kila upande.

"Baba," nilimwambia, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa, "leo si Sabato?"

Hakuinua kichwa. "Moraa, nyamaza ubebe kuni."

Nilibeba. Mvua ilipiga mabati, na kutoka chumbani nilisikia sauti za wale wazee wawili, mmoja kwa Ekegusii na mwingine kwa Kigujarati, kila mmoja akitoa amri zake, na sauti ya mama ikipanda na kushuka. Kisha ikanyamaza. Baba aliacha shoka likining'inia mkononi, midomo yake ikitembea bila sauti. Nilimwona anaogopa, na sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Ndipo mtoto akalia.

Mama Jaya alitokeza mlangoni jasho likimtiririka. "Wageni yote hapa nakuja na mzigo," alimwambia baba. "Huyu moja tu amekuja mikono mitupu. Msichana."

Magokoro alimwita papo hapo Nyanchera, jina la kwetu la msichana aliyezaliwa njiani. Baadaye wazee wale wakakosana juu ya chakula cha mzazi. Mama Jaya alikuwa ametengeneza donge la sukari nguru, samli na tangawizi. Magokoro alikoroga uji wa wimbi. Mama alikula vyote viwili, na mimi na Ombati tulikomba masufuria, amri ya baba ikiwa imesahaulika kabisa.

Jumapili baba alikwenda Ogembo peke yake kutuwakilisha harusini. Mama aligeukia ukutani. Nilidhani amelala, hadi nilipoona mabega yake. "Nilimwambia Kemunto nitamvisha kitambaa cha kichwani kwa mkono wangu," alisema. Nilikaa tu kitandani karibu na miguu yake.

Alasiri tulisikia nyimbo. Bwana harusi alikuwa mtu wa Keroka, na msafara wa kumpeleka bibi harusi ulipitia Kisii. Lori lilikuja limejaa wanawake wakipiga vigelegele, na mbele ya hoteli likasimama. Kemunto alishuka akiwa na gauni lake jeupe, pindo limechafuka tope jekundu, baba akimshikia kiwiko. Alipita katikati ya meza za hoteli, watu wakaacha vijiko hewani. Aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akavua kitambaa cha kichwani na kumpa mama.

"Dada, nivishe," alisema. "Kule walinivisha vibaya."

Mama alimvisha, akakinyoosha, akakirekebisha, akakinyoosha tena. Nje dereva alipiga honi, na Mama Jaya akatoka kumwambia kwamba akipiga tena hatapata chai.

Baada ya hapo, kila aliyetoka kwetu kwenda mjini alibebeshwa mkungu wa ndizi wa kumpelekea Mama Jaya, naye alirudisha sukari nguru. Iliendelea hivyo mpaka miaka ya sabini, alipouza hoteli na kumfuata mumewe Kisumu. Magokoro alinuna msimu mzima kama aliyeachwa na dada yake.

Nyanchera sasa ana wajukuu. Barabara ni ya lami, na pale palipokuwa na veranda pamesimama ghorofa lenye vioo. Tunapita bila kupunguza mwendo, kila mtu na simu yake. Juzi, tukipita hapo garini, niliwauliza wajukuu wangu kama wamewahi kulala nyumbani kwa mtu ambaye asubuhi ya siku hiyo walikuwa hawamjui. Walicheka, wakaniuliza kwa nini mtu afanye hivyo. Nilianza kuwasimulia habari za Mama Jaya, na kabla sijafika kwenye mwavuli, gari likawa limeshafika Ogembo.