Kombe Nililokataa Kunywa

Jino ndilo lililoanza yote. Nilikuwa na miaka kumi au kumi na moja, hakuna aliyeandika, na gego la chini lilikuwa limetoboka likaniuma siku nne mfululizo hata nikawa nagongesha kichwa ukutani. Nyanya yangu alichukua kipande cha tumbaku, akakisokota, akakishindilia kwenye tundu la jino. Uji wangu haujapoa, maumivu yalikuwa yamekwisha. Sikumlaumu nyanya wakati ule na simlaumu leo. Kwetu Chundwa, miaka ile ya kabla ya vita vya Mjarumani, tumbaku ilikuwa dawa ya jino na ya kidonda, na baba yangu aliilima kama walivyoilima majirani zake wote. Kanga niliyojifunga ilitokana na tumbaku.

Jino likang'oka lenyewe baada ya mwezi. Tumbaku haikung'oka.

Nilikuwa nasoma kwa mwalimu wa kike, mjane wa makamo, aliyetufundisha Kurani ukumbini mwake, wasichana watupu, kama kumi na wawili hivi. Mkali alikuwa, lakini ukali wake ulikuwa na mipaka, na mipaka yake tuliijua. Kila mtoto alikuwa na kazi yake kabla ya kufungua msahafu. Huyu atachota maji, yule atafagia, mwingine atasaga masizi ya wino wa kuandikia mbao. Mimi, kwa kuwa vidole vyangu vilikuwa vyepesi, nilipewa kazi ya heshima, kumkunjia mwalimu tambuu zake za kutafuna. Jani, chokaa kidogo, popoo iliyokatwa, kisha tumbaku, na kuzipanga kwenye sinia tayari kwa siku nzima. Alikuwa akitafuna tangu ndoa yake. Meno yake yalikuwa mekundu, na tulimwona mzuri hivyo hivyo.

Basi fisi akakabidhiwa bucha. Kila asubuhi nilikunja tambuu nane na nikaficha tumbaku ya tambuu ya tisa shavuni mwangu. Nilijifunza kusoma nayo. Nilijifunza kumeza mate bila kukunja uso, na kwenda uani kutema kwa kisingizio cha haja. Watu wazima wote walitafuna, lakini mwanafunzi wa chuo kuwa na tumbaku kinywani, na kinywa hicho hicho ndicho kinachosoma Kurani, hilo lilikuwa jambo jingine kabisa, nami nilijua.

Nilijua pia adhabu yake. Kaka yangu alisoma chuo cha wavulana karibu na msikiti, na alipokamatwa na ugoro alitiwa pingu mguuni yenye gogo, akaburura gogo lile kwenda na kurudi siku tatu huku watoto wakimfuata. Alichojifunza kaka yangu ni kuficha ugoro mahali pazuri zaidi. Hadi anazikwa, kisanduku chake cha ugoro kilikuwa chini ya mto.

Miezi ikapita. Nikakonda. Siku za mapumziko, nikiwa nyumbani bila sinia la mwalimu, na tumbaku ya baba imefungiwa ghalani, nilitetemeka, nikatoka jasho, nikamjibu mama vibaya. Siku moja chuoni nilizidisha, nikaanguka katikati ya aya, povu la kahawia likinitoka pembeni mwa mdomo. Mama hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akatuma habari kisiwani Ndau kwa dada yake mkubwa, ambaye alikuwa na pepo wake na aliyajua mambo yao, na mama mkubwa akavuka kuja kunitazama. Aliniangalia macho, akanishika vidole, akasema ni pepo. Nitapelekwa Ndau, nipigiwe ngoma siku saba.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilikuwa nimebakiza juzuu sita tu nihitimu. Msichana wa umri wangu akitoka chuoni harudi tena. Anaingia ndani, anasubiri kuposwa. Na mimi nilipenda kusoma kuliko kula. Hilo nalisema bila haya, maana ni kweli, na ndilo jambo pekee ambalo utotoni nililitaka kwa moyo wote.

Mwalimu alimwomba mama ajaribu kwanza kombe. Akaandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, mkono wake ukienda polepole, akaziosha kwa maji ya marashi, akaniletea. Mama na mama mkubwa walikuwa wamekaa pembeni mwa ukumbi wake. Na mimi, mpumbavu, nilikuwa na tumbaku shavuni, niliyoitia kabla sijajua kwamba siku hiyo nitanyweshwa.

Sahani ikafika mdomoni. Nilinusa marashi. Nikajiona nikiyameza maneno ya Mungu pamoja na yale machafu yaliyomo kinywani, na meno yangu yakafunga. Mama akanibembeleza, nikageuza uso. Mama mkubwa akanishika taya, nikampiga mkono, nusura sahani imwagike.

"Mwaona," akasema mama mkubwa, kwa utulivu wa mtu aliyekuwa akilingoja hilo. "Pepo halitaki kombe."

Ni kweli kwamba kwetu hakuna dalili iliyo wazi kuliko hiyo. Mtoto mzima hunywa kombe. Anayekataa, anayekataa si yeye. Mama akaanza kulia. Mimi nami nikalia, na kila nilivyolia bila kufungua mdomo ndivyo nilivyozidi kuwathibitishia. Ningeweza kusema. Lakini kusema kulihitaji kufungua mdomo.

Mwalimu akaifunika sahani kwa kawa. Akawaambia anataka kusema na huyo pepo peke yake, na wao wakatoka upesi, maana hayo si mambo ya kubishania. Mlango ulipofungwa akakinga kiganja chini ya kidevu changu.

"Tema, mwanangu."

Nikatema. Akaitazama tumbaku ile kiganjani mwake kwa muda mrefu. Nilingoja kofi. Nilingoja pingu. Akaniuliza tangu lini, nikamwambia; akaniuliza naitoa wapi, nikatazama sinia. Akanipa maji nisukutue mara tatu, akafunua kombe, nikanywa lote mpaka tone la mwisho. Kisha akawaita.

"Mwana hana pepo," akamwambia mama. "Ana tumbaku kanwani, na tumbaku ni yangu. Mimi ndimi niliyempa kazi hiyo. Msimtukue Ndau. Niatiyani mimi mwana huyu."

Mama mkubwa akaiinua sahani, akaiona tupu. Mama alibusu mkono wa mwalimu. Baba alipoelezwa jioni ile alicheka kwanza, halafu akaangalia mikono yake, akaacha kucheka. Hakunipiga.

Kesho yake nilikwenda chuoni nikijua kazi yangu ya tambuu imekwisha. Nikalitafuta sinia kwa macho, silioni. Mwalimu alikuwa amelitoa nyumbani, na kinywani hakuwa na kitu. Aliniketisha ubavuni pake, akaweka karafuu chache za kutafuna kati yetu. Shida ikinijia nimguse goti, akasema, na yeye ikimjia atanigusa, na tutasoma ukurasa mmoja kwa sauti, sote wawili.

Alinigusa kwanza yeye.

Wiki zile za mwanzo zilikuwa za kuchekesha kwa asiyehusika. Mwalimu wetu mwenye mipaka aliivuka yote. Alimrushia paka kiatu, akampigia kelele jirani kwa kutwanga mapema. Kichwa kilimuuma hata akajifunga kitambaa. Siku moja aliruka aya, yeye ambaye hakuwahi kukosea, nami nikamsahihisha kwa woga. Akaurudia mstari, akasema nimefanya vyema. Wenzangu walinikasirikia kwa hasira zake, na walikuwa na haki. Tukasoma kurasa nyingi kuliko mwaka mzima uliotangulia. Juzuu sita nilizobakiza nilizimaliza baada ya miezi minane, na nyingine nikazirudia.

Siku ya khitima yangu, nilipohitimu Kurani, nilisoma mbele ya wanawake wa mji mzima, na mama mkubwa akaja kutoka Ndau na kuku wawili. Sikuonja tumbaku tena maishani. Kwa miaka mingi nilimshukuru mwalimu kwa kunibebea aibu, na kwa kuwa aliacha pamoja nami, na nilidhani kwamba mcha Mungu kama yeye kuacha kulimwia rahisi.

Mwalimu alipofariki nilikuwa nimeshaozwa na nina watoto. Nilikwenda matangani, na jikoni, tukimenya vitunguu, nikamsimulia bintiye habari ya ile miezi. Yeye alikuwa mdogo wakati ule, lakini aliikumbuka. Akaniambia kwamba mama yake kila alasiri, sisi tukishaondoka, alijilaza chini sakafuni na kuuma pindo la leso. Na kwamba usiku wa khitima yangu, wageni walipokwisha kutawanyika, aliomba aletewe tambuu. Akatafuna nne kwa mpigo, machozi yakimtoka kwa raha, na hakuacha tena mpaka kufa kwake, ila sinia lilifichwa kila nilipokuja kumwamkia.

Nilikiweka kisu chini. Vitunguu vilikuwa vingi, na hakuna aliyeniuliza ninalia nini.