Vidonge vya Salfa na Ini la Gati

Saa mbili asubuhi, kijijini Kerende. Karasha, mashine ya kusaga mawe, linanguruma, na Gati Wangwe, mwenye miaka 46, analilisha mawe ya dhahabu kwa chepe. Ghafla anatupa chepe, anashika tumbo.

"Limeanza," anasema, kisha anasonya. Maumivu kayazoea. Kinachomchosha ni zahanati.

Mganga ni mgeni tena, wa nne ndani ya miaka mitatu. "Wakileta mtu mpya, mimi narudi darasa la kwanza," analalamika njiani kwenda huko.

Mgeni mwenyewe ni Eric, kijana kutoka Iringa. Anatoa shikamoo, anauliza tumbo, anauliza mkojo, anaandika vidonge vya salfa.

"Simezi hivyo."

"Mama, hii ni UTI ya kawaida."

"Hata wa kwanza alisema ya kawaida, akanipa hivyo hivyo! Nililala siku kumi na moja, miguu haina nguvu, naswaga ng'ombe ambao hawapo. Ndugu wakaanza kumtafuta aliyeniloga."

Hospitali ya rufaa ndiyo iliyomfumbua macho. Ini hutengeneza kiini chekundu, kama kile cha kwenye damu, hatua kwa hatua. Lake lina hatua moja dhaifu tangu kuzaliwa. Salfa hulichochea liongeze kasi, basi vitu ambavyo havijakamilika vinarundikana na kuwa sumu mwilini.

Gati anamweleza Eric hayo kwa lugha ya kazini: "Karasha limekwama, na mtu bado anamwaga mawe. Hiyo ni akili?"

Eric anatabasamu. Gati hatabasamu. Anaomba kikopo, anaenda chooni, anarudi na mkojo, anauweka dirishani kwenye jua.

"Uangalie mwenyewe, tata," anasema, akimwita baba kwa lugha ya kwao.

Anajikunja kwenye benchi, anasaga meno. Kufika saa sita, mkojo ulioingia mweupe umekuwa mwekundu wa kahawia, kama chai ya rangi. Eric anapiga simu hospitali ya rufaa, anasikiliza, anafuta salfa, anamtundikia dripu ya sukari ya kulituliza ini.

"Nisamehe, mama."

"Misamaha ninayo minne sasa."

Alasiri tumbo limelegea. Eric anaomba daftari la matibabu la Gati aandike onyo. Gati anakataa. Onyo limo tangu mwaka juzi, nani alilisoma? Anataka liandikwe kwa kalamu nene, mlangoni mwa kabati la dawa. Tena na jina la binti yake Sarah liwepo, maana ugonjwa huu hurithiwa, na mwezi ujao anampeleka rufaa kupimwa.

"Akikutwa hana, tutalifuta jina lake," anasema. "Andika kubwa, tata. Wewe nawe utahamishwa."